Wavulana wa Gough Street na darasa langu la kidato cha pili

Nikiwaambia watu wa nyumbani Mombasa kwamba nafundisha Kiingereza Hong Kong, wengi huuliza swali moja: kwani Waingereza wamekwisha? Hawajaisha. Wako, na wengine tunakaa nao chumba kimoja cha walimu. Ila shule hii ilitaka mwalimu, ikatazama vyeti na uzoefu, basi. Siku ya wazazi baba mmoja aliniuliza, kwa adabu sana, Kiingereza changu nilikipata wapi. Nikamwambia nilikipata kule kule alikokipata marehemu babu yake, kwa Mwingereza aliyekuja bila kualikwa. Alicheka kwa sauti mpaka mkewe akamgusa mkono.

Shule yenyewe sitaitaja jina. Ni ya wasichana, ni ya enzi za ukoloni, na wala haifichi: veranda ndefu za kukinga jua la kiangazi, ngazi za mawe zilizolika katikati, na ukumbini mbao nyeusi zenye majina ya viranja wakuu kwa rangi ya dhahabu, mwaka baada ya mwaka, hadi ufike miaka ya vita Wajapani walipouteka mji. Hapo pana pengo, kisha majina yanaendelea. Mimi naitwa "Miss" tu, kama mwalimu yeyote wa kike hapa; wa kiume huitwa "Sir". Nikiingia darasani wanasimama wote, wanainamisha vichwa, wananiamkia kwa pamoja kwa mdundo mmoja uliokatwa vipande sawasawa. Sijamsikia Mwingereza yeyote akisalimia namna ile.

Kilichonifanya nianze kusoma habari za shule za zamani za hapa ni imla. Sisi tuliosoma Kenya tunaijua imla: mwalimu anasoma, wewe unaandika. Hapa kuna aina nyingine, ya kukariri. Mwanafunzi hupewa kifungu cha Kiingereza siku kadhaa kabla, anakwenda nacho nyumbani, anakimeza. Siku ikifika mwalimu hasomi neno. Anasema tu "anzeni", na darasa zima linainamia karatasi, linaandika kifungu kizima kutoka kichwani, na koma zake na herufi kubwa zake. Kosa moja, alama inakatwa.

Nina msichana mmoja ambaye insha humshinda mstari wa tatu. Anauma kalamu, anatazama dirishani, anafuta. Lakini mpe imla ya kukariri, atakuletea ukurasa safi kama uliotoka kiwandani. Siku moja nikamwonyesha sentensi kwenye karatasi yake mwenyewe, iliyopata alama zote, nikamuuliza inasema nini. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo katika kazi aliyopewa.

Mwenzangu wa idara ya Kichina, mwanamke wa hapa hapa aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyenieleza. Katika shule za kale za Kichina mtoto alipewa maandishi ya kikonfusio, yaani ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, akayasoma kwa sauti, wenzake nao wakisoma yao kwa sauti, kila mmoja na ukurasa wake, makelele mpaka barabarani. Akishahifadhi, anakwenda mbele, anampa mwalimu mgongo, anayatoa yote bila kutazama kitabu. Maana ilifundishwa baadaye, miaka baadaye pengine. Aliyepitia chuoni kwetu pwani na juzuu yake mkononi haitaji kuelezwa zaidi. Mimi nilimsikiliza nikajiona nimekaa mkekani. Wavulana walioingia shule ya Mwingereza walitoka kwenye madarasa kama hayo, wakaja na silaha waliyoijua, wakaielekeza kwenye Kiingereza. Haikuwa ubishi wala uzito wa kichwa. Walikuwa wanasoma kwa bidii kwa njia ambayo kwao ndiyo iliyoitwa kusoma.

Shule kuu ya serikali, Government Central School, ilifunguliwa mwaka 1862 katika mtaa wa Gough Street. Kisiwa cha Hong Kong kilikuwa chini ya Uingereza tangu mkataba wa Nanking, kati ya China na Uingereza, wa 1842, kwa hiyo koloni lenyewe lilikuwa na miaka 20 tu. Aliyesukuma wazo hilo ni James Legge, mmisionari Mskoti ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliimalizia kwenye kutafsiri maandishi ya Konfusio na wenzake. Mwalimu mkuu aliyeagizwa alikuwa Mskoti mwingine, Frederick Stewart, aliyesoma Aberdeen. Alishuka melini akiwa na miaka 25. Nami katika umri huo nilikuwa sijaweza hata kulinyamazisha darasa la nne.

Mwaka huo huo wa 1862, Beijing, serikali ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, ilifungua shule ya kufundisha lugha za Wazungu, Tongwen Guan, kwa sababu mkataba wa Tianjin na Uingereza ulikuwa umeweka kwamba barua rasmi za Waingereza zitaandikwa kwa Kiingereza, na pakitokea utata maana ya Kiingereza ndiyo itakayosimama. Usipokuwa na mtu wako anayesoma lugha hiyo, umeshashindwa kabla ya kukaa mezani. Na mwaka huo huo tena, Guangzhou, mji ambao Wazungu waliuita Canton, mfanyabiashara na mkalimani Tong King-sing alichapisha kitabu cha kujifunzia Kiingereza, juzuu sita, ambamo matamshi ya maneno yameandikwa kwa herufi za Kichina zinazosomwa kwa Kikantoni, Kichina cha mji huo na cha Hong Kong. Tong mwenyewe alikuwa zao la shule ya wamisionari, ile ya Morrison Education Society, iliyoanzia Macao ikahamia Hong Kong. Baadaye akawa wakala mkuu wa Kichina wa Jardine, kampuni ya biashara ya Waingereza, kisha akashika uongozi wa kampuni ya meli ya Wachina wenyewe.

Nimeitaja miaka hiyo kwa sababu nimechoka na hadithi mbili ninazosimuliwa hapa. Moja inasema Mwingereza aliwaletea Wachina Kiingereza kama zawadi. Nyingine inasema aliwasukumia kooni. Ukitazama 1862 unaona watu wanakitafuta wenyewe kutoka pande tatu, kila mmoja kwa hesabu zake, na katika hao watatu ambaye hakuwa na haraka sana ni mwalimu mkuu wa Gough Street.

Stewart hakutaka shule ya Kiingereza peke yake. Siku ya shule aliigawa: saa za Kichina, saa za Kiingereza, na mwanafunzi alitakiwa afanye vizuri kote kuwili. Darasa la juu lilipimwa kwa tafsiri, kutoka Kichina kwenda Kiingereza na kutoka Kiingereza kurudi Kichina. Hoja yake ilikuwa kwamba mvulana asiye na Kichina kizuri hana pa kukiweka hicho Kiingereza. Anatoka mtu nusu, asiyefaa ofisini wala kwa jamaa zake. Na wazazi walimwelewa. Mitihani ya kifalme ya China, ile ya kupatia uofisa, ilikuwa bado hai, haikufutwa mpaka 1905, na hakuna baba aliyetaka mlango huo ufungwe kabisa kwa mwanawe.

Lakini wanafunzi wake walimtesa kwa jambo moja: walikuwa wanaondoka. Mvulana anaingia, anasoma, anafika daraja la kuweza kuandika barua ya biashara na kusoma hati ya mzigo, halafu siku moja kiti kiko wazi. Amepata kazi. Mji ulikuwa unamlilia mtu wa namna hiyo: mahakama zilitaka wakalimani, kampuni za meli zilitaka makarani, forodha ya China iliyokuwa ikiendeshwa na Wazungu ilitaka vijana, benki ya Hongkong and Shanghai ilifunguliwa 1865, baadaye ikaja telegrafu. Mwalimu anataka kumaliza mtaala, soko halimngoji. Stewart alilalamika katika ripoti zake, na namwonea huruma, lakini moyo wangu uko kwa yule mvulana. Alikuja kuchukua alichokijia. Alipokipata hakuona sababu ya kubaki ili mwalimu afurahi.

Wanangu wa kidato cha pili wana hesabu hiyo hiyo. Muulize yeyote kwa nini anajifunza Kiingereza, hatakuambia habari za utamaduni wala kuona dunia. Atakutajia mtihani wa mwisho wa sekondari, daraja inayotakiwa na chuo kikuu, na jina la kozi. Mmoja alinieleza, bila haya hata chembe, kwamba usemaji anaufanyia kazi zaidi kuliko uandishi kwa sababu ndiko anakoona pa kuokota alama. Mwenzangu mmoja Mwingereza huumia sana akisikia hivyo. Anataka wapende fasihi. Mimi naona wanajua wanachokifanya kuliko wengi wetu tulivyojua katika umri huo.

Sasa, mwaka 1877 akaja gavana John Pope Hennessy. Mtu wa Cork, Ireland, Mkatoliki, mgomvi, na kwa jinsi wakoloni walivyokuwa, alikuwa upande wa Wachina kuliko magavana wengi. Ndiye aliyemweka Ng Choy kuwa Mchina wa kwanza katika baraza la kutunga sheria, mwaka 1880. Ungemtarajia apende mpango wa Stewart. La hasha. Aliona wavulana wengi wa shule ya serikali hawawezi kuongea Kiingereza, akaja juu. Mwaka 1878 kikao cha elimu kikaamua kwamba lengo kuu la serikali katika shule liwe Kiingereza, na Kichina kikasogezwa pembeni. Stewart hakuafiki. Akabaki miaka michache, kisha akatoka ualimuni akapanda katika utawala hadi kuwa katibu mkuu wa koloni. Alifariki 1889 na kaburi lake liko Happy Valley.

Jambo hili lilinichukua muda kulikubali. Mimi nimesoma shule ambako aliyekamatwa anasema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakibeba mpaka amkamate mwenzake. Kichwani mwangu mambo yalikuwa yamepangika: anayetetea lugha ya wenyeji ni rafiki, anayesukuma Kiingereza ni adui. Hapa rafiki wa Wachina ndiye aliyesukuma Kiingereza, na mtetezi wa Kichina alikuwa Mskoti mtulivu wa serikali aliyeamini kabisa katika dola yake. Na wazazi, ambao hawakuwa upande wa yeyote, walitaka vyote viwili na walitaka viwe na faida.

Kwa wasichana habari ilikuwa nyingine, na ndiyo inayonigusa kwa sababu ndio ninaowafundisha. Shule ya Kianglikana ya wasichana iliyoanza 1860 iliandamwa na lawama kwamba msichana wa Kichina akijua Kiingereza mwisho wake ni kuwa kimada wa Mzungu. Kiingereza kile kile kilichomfanya kaka awe karani, dada kilimfanya atiliwe shaka. Serikali haikufungua shule yake kuu ya wasichana mpaka 1890. Ndiyo ile iliyokuja kuitwa Belilios, kwa jina la mfanyabiashara aliyetoa fedha. Miaka 28 baada ya Gough Street. Niliwasimulia darasa langu. Wengi walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama mitihani yao ilikuwa migumu kama ya wavulana. Hilo ndilo lililomkera: kwamba huenda walipewa karatasi nyepesi.

Gough Street nimekwenda. Ni mtaa mfupi wa mteremko, una mikahawa na maduka ya vitu vya nyumbani, watu wanapanga foleni ya tambi. Shule haipo. Kuna kibao cha historia, kwa sababu Sun Yat-sen, aliyekuja kuongoza mapinduzi dhidi ya Qing, alisoma hapo kuanzia 1884. Mwaka 1923 aliporudi kuhutubia chuo kikuu cha hapa alisema mawazo yake ya kimapinduzi aliyapata Hong Kong. Serikali ya koloni ilifundisha makarani, ikapata na huyo. Shule ilihamia jengo kubwa la Hollywood Road mwaka 1889 na tangu 1894 inaitwa Queen's College. Leo iko Causeway Road. Jengo la Hollywood Road liliharibiwa wakati wa vita, pakajengwa nyumba za askari polisi wenye familia, na sasa ni maduka ya wabunifu. Kuta za chini za granaiti na ngazi bado ni zile za shule. Nilizipanda kwa makusudi, wanangu walipanda huku wakipiga picha za keki.

Ugomvi wa 1878 haukuisha. Kichina kilikuja kuwa lugha rasmi ya Hong Kong pamoja na Kiingereza mwaka 1974, mji umeshakuwa koloni kwa zaidi ya karne. Mwaka 1997 China iliporudishiwa mji, serikali mpya ikaamuru shule nyingi za sekondari zifundishe kwa Kichina kuanzia 1998. Ni shule 114 tu zilizopewa ruhusa ya kubaki na Kiingereza. Wazazi wa shule zilizokosa walikasirika kama watu walionyang'anywa kiwanja, na kuanzia 2010 masharti yakalegezwa. Kitaalamu serikali ilikuwa na hoja nzuri: mtoto huelewa hesabu na sayansi haraka zaidi kwa lugha anayoiota. Lakini mzazi haweki hoja ya kitaalamu kwenye fomu ya maombi. Anaweka jina la shule. Hayo nadhani msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam atayaelewa bila msaada wangu.

Nirudi darasani. Wanafunzi wangu huandika herufi ndogo za Kichina juu ya maneno ya Kiingereza yanayowashinda kutamka, kama juzuu za Tong King-sing. Walimu wengine huzifuta. Mimi naziacha, kwa sababu zinanionyesha masikio yao yanasikia nini. Kikantoni cha vijana wa hapa kimechanganya N na L, kwa hiyo "night" inageuka "light", na naagwa kila jioni kwa kutakiwa mwanga mwema badala ya usiku mwema. Konsonanti za mwisho wanazifungia mdomoni haziachiliwi. Ukisoma herufi zao ndogo unaliona tatizo limechorwa, hata kama huwezi kuzitamka vizuri, kama mimi.

Nimeirudisha tafsiri pia, ile ya Stewart, ingawa kanuni ya idara ni Kiingereza mtupu ndani ya kipindi cha Kiingereza. Nilianza na tangazo lililo ndani ya basi dogo la abiria, linalosema ukitaka kushuka utoe taarifa mapema. Kwa Kichina ni herufi chache tu. Hazisemi nani ashuke, hazisemi nani aambiwe. Nikawaambia waliandike kwa Kiingereza kwa ajili ya mgeni ambaye hajawahi kupanda basi hilo. Wakaanza kwa haraka, wakidhani ni mchezo, halafu wakakwama mahali pamoja. Kiingereza kinadai mtu. Wewe? Abiria? Mmoja au wote? Aambiwe dereva, au ipigwe kelele tu? Mapema kiasi gani? Yule msichana wa imla, ambaye hasemi darasani, aligeuka nyuma akabishana na wenzake wawili kwamba dereva lazima atajwe, maana mgeni anaweza kumwambia aliyekaa jirani yake. Alibishana kwa Kikantoni, kisha akasimama akanipa sababu yake kwa Kiingereza. Sentensi tatu, na makosa ya nyakati mawili, na hakuna hata neno moja alilolikariri. Nilimwambia akae kabla sijaonekana nimefurahi kupita kiasi.

Mkuu wa idara alikuja kukaa nyuma ya darasa kutazama. Hakupendezwa na kelele, na aliniuliza wazazi wakisikia Kichina kinatumika kwenye kipindi cha Kiingereza nitawajibu nini. Nikamwambia habari za Stewart. Akasema Stewart hakuwa na kikundi cha wazazi kwenye simu. Hapo alinipata. Tumeafikiana kipindi kimoja kila wiki ya pili, kisiingie kwenye alama, na kisiitwe tafsiri katika mpango wa masomo.

Kipindi kijacho wanataka kuleta ujumbe wa sauti wa bibi zao na kuuweka kwa Kiingereza. Nimewaambia wachague mfupi. Wamenijibu kwamba bibi zao hawana mfupi.